Sanamu, picha, msalaba au ukuta mtupu: uweke kipi kwenye kona ya sala nyumbani?

Ukioana na mtu wa dhehebu lingine ugomvi wa kwanza wa ndani mara nyingi hauji kwa hela wala mashemeji, unaletwa na Bikira Maria wa juu ya kabati. Wewe umehama kwenu na sanamu yako ya plasta uliyopewa siku ya kipaimara, mwenzako ni mlokole, au Msabato, au Mlutheri wa KKKT, wiki haijaisha mama mkwe anakuja kuwasalimia, anafika sebuleni hata kukaa hataki, "Mwanangu, na hili nalo linafanya nini humu ndani?" Unaanza kumweleza tofauti ya kuheshimu na kuabudu, yeye anakujibu kwa Kutoka 20, chai inapoa na mumeo kajifanya anatafuta rimoti. Mi ni Mkatoliki kwa hiyo sitajifanya refa, ila nshaona nyumba kadhaa zikinuniana kwa hii ishu kwa sababu watu wanadhani ni sanamu au hamna kitu, wakati vitu vya kuchagua viko vinne: sanamu, picha (na ikoni za Waorthodoksi humohumo), msalaba, na ukuta mtupu wenye Biblia tu mezani. Kila kimoja kina hoja yake ya maana na kina kasoro ambayo wenyewe huwa hawaisemi.

Kwanza tunapima kwa kipimo gani

Ukichukua mstari mmoja utashinda mabishano na hutamaliza chochote. Wanaopinga wana Kutoka 20:4, usijifanyie sanamu ya kuchonga wala mfano wa kitu chochote, usivisujudie wala kuvitumikia, na huo mstari upo, hakuna wa kuufuta. Lakini kitabu hichohicho sura ya 25 Mungu huyohuyo anamwagiza Musa atengeneze makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano, na ukienda Yoshua 7 unamkuta Yoshua na wazee wa Israeli wameanguka kifudifudi mbele ya hilo sanduku mpaka jioni. Kwa hiyo kuchonga peke yake sio kosa, na kuinama mbele ya kitu peke yake sio kosa, la sivyo Yoshua naye tumhukumu. Ila Wakatoliki wenzangu tusikimbilie kushangilia, manake Petro alimwinua Kornelio alipomwangukia miguuni (Matendo 10), na malaika wa kwenye Ufunuo 22 alimkatalia kabisa Yohana asimsujudie, na huyo ni malaika wa kweli, sio wa plasta.

Kesi inayonisaidia mimi ni ile ya nyoka wa shaba. Hesabu 21 watu wanaumwa na nyoka jangwani, Mungu anamwambia Musa atengeneze nyoka wa shaba amtundike kwenye mti, aliyeumwa akimtazama anapona, na Yesu mwenyewe anautumia huo mfano kwenye Yohana 3 akiongelea kusulubiwa kwake. Sasa fungua 2 Wafalme 18:4, miaka mia kadhaa baadaye, mfalme Hezekia anamchukua nyoka yuleyule wa Musa anamvunja vipande vipande, na Biblia inamsifu kwa hilo, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfukizia uvumba. Ni shaba ileile. Aliyeagiza ni Mungu, aliyevunja ni mfalme mcha Mungu, na wote wawili walikuwa sahihi, kilichobadilika katikati hapo ni watu.

Kwa hiyo mi napima hivi: kitu kinachofaa kukaa nyumbani kwako ni kile ambacho siku akitokea Hezekia akakivunja, utaumia, utafagia vipande, na jioni utasali rozari yako kama kawaida. Kama kikivunjika na sala nayo imeishia hapo, basi kilikuwa kimeshakuwa kitu kingine zamani hujui tu. Tuviweke vyote vinne kwenye huo mzani.

Sanamu

Nguvu ya sanamu ni kwamba iko pale na wewe, ina uso, ina mikono, mtoto wa miaka mitatu anaielewa kabla hajajua kusoma, na bibi ambaye macho yameshakataa herufi bado anamwona Mama Maria na taji lake. Hii hoja sio ya jana. Karibu na mwaka 600 kulikuwa na askofu wa Marseille anaitwa Serenus aliyeona waumini wake wanaziabudu picha kanisani, akazivunja zote, na Papa Gregori Mkuu akamwandikia barua ambayo kwangu mi ndo jibu fupi kuliko yote ya hili suala: alimsifu kwa kukataza visiabudiwe, halafu akamkaripia kwa kuvivunja, kwa sababu asiyejua kusoma anasoma ukutani.

Baadaye Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea mwaka 787 ukaweka mpaka rasmi, kwamba kuabudu ni kwa Mungu tu, na heshima inayopewa sura inapita inaenda kwa yule aliyechorwa. Mtaguso wa Trento ukarudia mwaka 1563 kwa lugha kali zaidi, kwamba ndani ya sanamu hamna uungu wala nguvu yoyote na hutakiwi kuweka tumaini lako humo kama wapagani wa kale walivyofanya. Watu wengi wanaotetea sanamu hawajawahi kusikia hiyo sentensi ya mwisho, na wengi wanaoshambulia hawajui kwamba Kanisa lenyewe ndo liliisema.

Kuna vitu vidogo kwenye liturujia vinaonyesha huo mpaka kuliko maelezo yoyote. Angalia chetezo siku ya sikukuu. Utaratibu wa Misa unasema Ekaristi inafukizwa ubani mara tatu, msalaba wa altare mara tatu, sanamu za watakatifu mara mbili, na ukienda mbele unakuta waumini nao kwenye mabenchi wanafukizwa mara tatu. Yaani wewe na shati lako la mtumba unapata ubani mwingi kuliko sanamu ya Mt. Yosefu na hakuna aliyewahi kusema unaabudiwa! Halafu goti. Mkatoliki anayejua anachofanya anapiga goti kwa ajili ya Ekaristi iliyo kwenye tabernakulo, na msalaba unapigiwa goti kuanzia ibada ya Ijumaa Kuu mpaka mkesha wa Pasaka, basi. Sanamu ya mtakatifu haipigiwi goti la namna hiyo, ukipita mbele yake unainamisha kichwa ukipenda. Na kuanzia Jumapili ya tano ya Kwaresima parokia nyingi zinafunika misalaba na sanamu kwa vitambaa vya zambarau, Misa zinaendelea na hakuna kinachopungua. Mungu gani huyo anafunikwa shuka wiki mbili na watu wanaendelea kusali vizuri tu?

Sasa kasoro, na hapa sitapaka rangi. Hayo yote ni ya kwenye vitabu, nyumbani ni habari nyingine. Ureno na Brazil kuna mabinti wanamgeuza Mt. Antoni kichwa chini mpaka awaletee mchumba, Marekani kuna watu wanamfukia Mt. Yosefu bustanini kichwa chini ili nyumba inunuliwe haraka, na hapa kwetu usijifanye hujui, kuna sanamu zimewekwa mlangoni mwa duka kwa kazi ileile ambayo mwingine angeenda kumwona mganga, na kuna dereva anaendesha kama kichaa kwa sababu rozari inaning'inia kwenye kioo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ina jina la hiyo tabia, inaiita ushirikina, na iko kwenye fungu hilohilo la amri ya kwanza pamoja na ibada ya sanamu. Kwa hiyo mama mkwe akikwambia ameona Wakatoliki wanaabudu sanamu, usimwambie haiwezekani. Inawezekana na inatokea, ila inatokea kinyume cha mafundisho.

Na isitoshe hata ndani ya Ukatoliki sanamu za kusimama zilichukua muda kuzoeleka. Mwanzoni mwa karne ya 11 kuna msomi Mfaransa, Bernard wa Angers, alifika Conques kusini mwa Ufaransa akakuta watu wamejazana mbele ya sanamu ya dhahabu ya Mt. Fides, akaicheka kabisa, akaona ni sawa na miungu ya Warumi wa kale, baadaye ndo akabadili mawazo akaandika kitabu cha miujiza ya huyohuyo mtakatifu. Kwa hiyo ukimwona mlokole anashtuka, jua kuna Mkatoliki alishtuka hivyohivyo miaka elfu moja iliyopita.

Kitu kingine watu hawakijui ni ile sanamu ya Mama Maria wa Lourdes, Ufaransa, ile ya mshipi wa bluu kiunoni na mawaridi miguuni ambayo imenakiliwa kwenye kila groto la parokia. Ilichongwa na Fabisch mwaka 1864 akifuata maelezo ya Bernadette mwenyewe aliyetokewa mwaka 1858, na Bernadette alipoiona hakuridhika nayo, akasema hafanani na aliyemwona. Mi hii inanipa amani kweli, manake inakumbusha kwamba hata sanamu maarufu kuliko zote aliyemwona Mama alisema siye.

Picha na ikoni

Ukiongelea picha lazima uanze na Waorthodoksi manake wao ndo walilipia kwa damu. Karne ya 8 wafalme wa Konstantinopoli waliamua kuvunja na kufuta picha zote takatifu, na mtu aliyewajibu vizuri kuliko wote, Yohane wa Damasko, alikuwa anaishi kwenye utawala wa Waislamu, mmonaki karibu na Yerusalemu, mahali ambapo mfalme wa Kikristo hawezi kumfikia amfunge, mambo ya ajabu kidogo ukiyafikiria. Hoja yake ilikuwa rahisi: zamani Mungu hakuonekana kwa hiyo hakuchorwa, Kumbukumbu la Torati 4 inasema wazi hamkuona umbo lolote siku ile, lakini tangu Neno alipofanyika mwili ameonekana, ameguswa, ana mama, ana sura, kwa hiyo anachoreka. Ukikataa kabisa kwamba Yesu anaweza kuchorwa unakaribia kukataa kwamba alikuwa mtu. Ugomvi uliisha mwaka 843 na Waorthodoksi mpaka leo wanausherehekea Jumapili ya kwanza ya Kwaresima yao, hata Waorthodoksi wa Kenya, Uganda na Bukoba huku.

Lakini hawa watu wenyewe waliopigania picha sanamu za kusimama kwa kawaida hawaweki kanisani. Ikoni ni bapa, sura haifanani sana na mtu wa mtaani, macho makubwa, mandhari ya dhahabu isiyo na kivuli, na vyote hivyo ni makusudi ili usije ukasahau kwamba unatazama dirishani na sio ukutani. Kwa mtu anayeogopa kweli ibada ya sanamu ila hataki ukuta mtupu, ikoni ni njia ya kati nzuri sana na Mkatoliki anaruhusiwa kabisa.

Kwa nyumba za huku kwetu picha ina faida nyingine ya kijamii tu, haishtui watu. Mlokole yuleyule anayekemea sanamu utakuta nyumbani kwake kuna kalenda yenye Yesu mwenye nywele ndefu na kondoo mabegani. Kimantiki haisimami, manake amri inasema "mfano wa kitu chochote", kalenda imo, lakini ndo hali halisi, picha inapita pale ambapo sanamu inazuiwa getini. Moyo Mtakatifu wa Yesu au ile ya Huruma ya Mungu iliyoandikwa Yesu nakutumainia zinakaa ukutani miaka na miaka na hakuna mgeni anayeuliza. Hiyo ya Huruma nayo ina kisa chake kama cha Lourdes, ilichorwa Vilnius mwaka 1934 na Kazimirowski kwa maelekezo ya Sista Faustina, na Faustina alilia akasema nani atakuchora uwe mzuri jinsi ulivyo.

Kasoro yake ni kuzoeleka. Picha inageuka kuwa pambo haraka sana, baada ya miezi sita huioni tena, iko kati ya picha ya harusi na saa ya ukutani iliyosimama. Kwenye mzani wa Hezekia inapita kirahisi mno, ikichanika hata hugundui, na hilo nalo ni tatizo la upande wa pili.

Msalaba

Hapa ndo nataka wanandoa wa mchanganyiko mkae vizuri msome. Msalaba wenye mwili wa Yesu ndo sura pekee ambayo Misa inaidai, lazima uwepo juu ya altare au karibu nayo. Sanamu ya Maria haidaiwi, ya Yosefu haidaiwi, kanisa likiwa na altare, Ekaristi na msalaba limekamilika. Kwa hiyo Mkatoliki ambaye ana sanamu tano na hana msalaba wenye mwili kaanzia mwisho.

Kwa upande wa Walutheri mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1522 Karlstadt, mwanamageuzi mwenzake Luther, na wenzake walipoanza kung'oa sanamu makanisani Wittenberg, Luther alitoka mafichoni akarudi kuhubiri kupinga vurugu hizo, msimamo wake ukiwa kwamba kitu hakimdhuru asiyekitumainia, kwanza watu wafundishwe, na misalaba yenye mwili ikabaki kwenye makanisa ya Kilutheri mpaka leo. Na kuna jambo lingine, Walutheri wanahesabu amri kumi sawasawa na Wakatoliki, ile ya sanamu iko ndani ya amri ya kwanza na ya kutamani inagawanywa mara mbili mwishoni. Kwa hiyo Msabato akisema Papa kaifuta amri ya pili, mwulize na KKKT ni nani aliwafutia. Hakuna aliyefuta, ni kuhesabu tofauti, Katekisimu inaanza amri ya kwanza kwa kunukuu Kutoka 20:2-5 mzimamzima.

Waanglikana inategemea walitokea wapi. Waliotokana na UMCA, misheni ya Kianglikana yenye desturi za karibu na Ukatoliki, yaani Zanzibar, Masasi, Tanga, wamelelewa na ubani na misalaba, na pale Mkunazini, Unguja, kwenye kanisa kuu lililojengwa palipokuwa soko la watumwa kuna msalaba unaoelezwa kuwa wa mbao za mti ambao moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa chini yake. Waliotokana na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, Dodoma na Mombasa huko, wengi wanapendelea mambo makavu zaidi. Kwa hiyo usiseme tu "mchumba wangu ni Mwanglikana", uliza katokea wapi.

Walokole wengi wanasema msalaba uwe mtupu kwa sababu Yesu amefufuka, na hoja hiyo ni nzuri, naiheshimu. Jibu la Mkatoliki ni 1 Wakorintho 1:23, sisi tunamhubiri Kristo aliyesulubiwa, na Paulo aliandika hivyo akijua fika kaburi ni tupu. Lakini hapa ndo mahali pa kuridhiana kirahisi, manake msalaba mtupu Mkatoliki haumkwazi hata kidogo, anaweza kusali mbele yake maisha yake yote, na mlokole naye hawezi kuuita sanamu ya mtu.

Kasoro? Msalaba ni mzito kwa mtoto, kuna watoto wanaogopa ile damu ya rangi nyekundu waliyopaka kupita kiasi. Chagua wa mbao usio na rangi.

Ukuta mtupu

Zurich, Uswisi, mwaka 1524 mwanamageuzi Zwingli na halmashauri ya mji waliondoa picha na sanamu zote makanisani wakapaka kuta chokaa nyeupe, na hiyo ndo nyumba ya kiroho ambayo Wapresbiteri, Wabaptisti na walokole wetu wengi wanaishi mpaka leo hata kama hawajawahi kumsikia Zwingli. Siwezi kuidharau hii njia. Inachukua amri kwa uzito wake wote, inamlazimisha mtu asikie Neno badala ya kutazama, na kwa familia za pwani zenye ndugu Waislamu ina faida ya ziada kwamba shangazi akija anaweza kuswali sebuleni bila kutafuta chumba kisicho na sura. Kama una historia ya mambo ya waganga kwenye ukoo, na kila kitu chenye umbo kinakurudisha huko kichwani, ukuta mtupu kwako ni dawa, nasema hivyo nikiwa Mkatoliki.

Tatizo ni kwamba ukuta haubaki mtupu. Calvin mwenyewe, mwanamageuzi mwingine wa Kiprotestanti ambaye hakupenda sanamu hata kwa bahati mbaya, alisema moyo wa mtu ni kiwanda cha kutengeneza sanamu, na huku kwetu kiwanda kiko kazini usiku na mchana. Nenda nyumba ambayo hawataki hata medali, utakuta chupa ya mafuta ya upako juu ya mlango, kitambaa kilichoombewa chini ya mto wa kulalia, maji kwenye dumu la lita tano yasiyoruhusiwa kupikia, na stika ya nabii nyuma ya gari, nabii aliye hai, ametabasamu. Wakatoliki tuna Mt. Antoni wa plasta aliyekufa mwaka 1231, walau yeye hana akaunti ya sadaka. Pitisha hiyo chupa ya mafuta kwenye mzani wa Hezekia uone, mwaga mbele ya mwenye nyumba kisha umwangalie usoni.

Kwa hiyo wewe uchukue kipi

Wakatoliki wote wawili, na hamna wa kumkwaza: msalaba wenye mwili kwanza, sanamu ya Mama Maria baadaye, ikiwezekana moja tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano wenyewe, mwaka 1963, ulisema sura takatifu ziendelee kuwekwa makanisani ila ziwe za kiasi na zikae kwa mpangilio wa heshima, na kinachotakiwa parokiani kitazidije sebuleni kwako? Mfano mzuri wa mpangilio ni meza ya Legio ya Maria, chama cha kitume cha walei Wakatoliki: kitambaa cheupe, sanamu moja, mishumaa miwili, maua na alama ya Legio, basi, hakuna mrundikano. Watu wa Legio wana nidhamu hiyo tangu Edel Quinn, mmisionari mlei kutoka Ireland, alipowaleta Afrika Mashariki miaka ya 1930.

Mkatoliki na Mlutheri au Mwanglikana wa upande wa Zanzibar: msalaba wenye mwili, bila mjadala, wote ni wenu. Sanamu iwe chumbani upande wako kama unaihitaji.

Mkatoliki na mlokole au Msabato: msalaba mtupu sebuleni na Biblia wazi chini yake, ikoni au picha ndogo kwenye kona yako ya chumbani, rozari mkononi. Sanamu hapa usilazimishe hata kama una haki. Paulo alipoulizwa habari za nyama zilizotolewa kwa sanamu alisema anajua sanamu si kitu, lakini kama nyama inamkwaza ndugu yake hali tena (1 Wakorintho 8), na mi naona ni ajabu kumkwaza mke wako kwa plasta. Na mlokole naye, usimvunjie mwenzako sanamu yake akiwa kazini. Hezekia alikuwa mfalme wa Yuda, wewe ni mume wa mtu.

Una bibi au mama mzee anayeishi nanyi, au watoto wadogo: hapo sanamu inapanda juu kuliko vyote, bishaneni na mengine yote ila mzee mwachieni Mama yake.

Na aliye peke yake asiyejua aanze na kipi, jaribu hivi: Kwaresima inayokuja funika ulichonacho kwa kitambaa kuanzia ile Jumapili ya tano kama kanisani, kaa hivyo mpaka Pasaka. Ukisali sawasawa, kirudishe kwa amani. Ukijikuta unafunua kitambaa usiku kuangalia kama bado yupo, nenda kaongee na padri kabla hujanunua kingine.

Kuhusu kununua

Plasta ni nzuri machoni ila ukanda wa pwani unyevu unaila, rangi inabanduka kuanzia puani na vidoleni, baada ya muda Mama anaonekana anaumwa. Ya fiba inadumu zaidi na ikianguka haivunjiki kirahisi. Zile za plastiki zinazowaka gizani waachie watoto.

Mi napendekeza mbao, na kama uko Dar fika Mwenge kwa wachonga vinyago uagize msalaba wa mpingo, Wamakonde wamechonga misalaba na Mama Maria wenye sura zetu kwa miaka mingi na kazi yao inakaa vizazi. Ila fungua macho, kuna mbao laini zinapakwa rangi ya viatu zinauzwa kama mpingo. Inua kwanza, mpingo ni mzito kwa namna ambayo mkono unashtuka. Geuza uangalie chini au nyuma mahali ambapo fundi hakuhangaika, kwaruza kidogo kwa kucha au ufunguo, weusi wa mpingo uko mpaka ndani na mara nyingi unaona mistari ya kahawia, ile ya kupaka itakuonyesha mbao nyeupe hapohapo na kidole chako kitanuka dawa ya viatu. Kama muuzaji anakubali, itumbukize kwenye ndoo, mpingo unazama kama jiwe. Akikataa wala usibishane naye, nenda banda la pili.

Ukishanunua peleka kwa padri abariki, haichukui hata dakika tano baada ya Misa, na ujue kikishabarikiwa sheria ya Kanisa inataka kitumike kwa heshima hata kama ni mali yako binafsi, kwa hiyo usije ukakifanya kizuizi cha mlango. Kikivunjika kabisa hakitupwi jalalani wala hakiuzwi chakavu, cha mbao au karatasi unakichoma na majivu unayarudisha ardhini, cha plasta unakisaga au unakizika mahali watu hawapiti. Mkono uliokatika tu unagandishwa kwa gundi ya mbao, ufunge na uzi usiku mzima, asubuhi kata uzi.